Mto mrefu wa usufi kwa mjamzito anayeumwa shingo, bega na mkono: uzoefu wangu, Mtwara

Mto ninaouzungumzia unaanzia kidevuni hadi chini ya magoti, umejazwa usufi, na umeshonwa na fundi wa mito na magodoro hapa Mtwara mjini kwa shilingi 25,000. Niliulalia tangu mimba ilipoingia mwezi wa saba hadi nilipojifungua. Naandika kwa ajili ya wajawazito ambao shingo, mabega na mikono ndivyo vinavyowanyima usingizi. Habari za mgongo na kiuno kila mtu anazijua na ushauri wake umejaa kila mahali, lakini ukisema mkono unakufa ganzi unaambiwa tu umeulalia.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mikindani. Kutwa nimeinamia kitambaa, kwa hiyo shingo yangu ilikuwa imechoka hata kabla ya mimba. Tumbo lilipokua likanisogeza mbali na meza, nikawa nanyoosha mikono na kurefusha shingo ili niifikie sindano. Maziwa nayo yakaongezeka uzito, mabega yakawa yanavutwa mbele. Maumivu yalianzia kisogoni, yakashukia bega la kulia, kisha mkono mzima hadi vidoleni. Usiku ndio yalizidi, maana kuanzia wiki ya 28 mjamzito anashauriwa alale ubavu, asilale chali, kwa usalama wa mtoto. Sasa ukilala ubavu usiku kucha, bega la chini linabeba mwili wote, na la juu linaangukia mbele kwa kukosa pa kuegemeza mkono.

Wifi yangu aliyeko Dar es Salaam aliniazima kwanza ule mto wa kisasa wenye umbo la herufi U, alioununua shilingi 70,000. Umeshonwa vizuri, na kwa anayeishi mahali pa baridi nadhani unafaa sana. Ila pamba yake ni ya plastiki, na mimi nilikuwa naulalia wakati wa kaskazi, joto la Mtwara mnalijua, umeme ukikatika feni imesimama. Niliamka nimelowa jasho shingoni. Halafu umekuzunguka pande zote mbili, kwa hiyo kuamka usiku kwenda haja ni kazi, na mjamzito wa miezi ya mwisho anaamka mara nyingi. Kitanda chetu ni cha futi nne kwa sita. Baba watoto alibaki na ukingo tu.

Ndipo nikaenda kwa yule mzee wa mito. Nilipomwamkia akaniuliza, "Unalalia ubavu gani zaidi, binti yangu?" kisha akanipima kwa futikamba kutoka kidevuni hadi gotini. Swali hilo lilinipa imani. Mimi kushona ndiyo kazi yangu, nikaukagua mto kama ninavyokagua kazi ya mwanafunzi wangu: mshono umepigwa mara mbili, kitambaa ni cha pamba kilichofumwa kwa kubana ili usufi usipenye, na usufi wenyewe umetolewa mbegu. Mbegu zikibaki utazisikia shavuni usiku wa kwanza. Usufi ni mwepesi kuliko pamba na haunyonyi maji upesi, na mto huu haukukaa na jasho langu kama ule mwingine.

Namna ya kuulalia ndiyo yenye maana kuliko mto wenyewe. Nililala ubavu wa kushoto, sehemu ya chini ya mto nikaibana katikati ya magoti, ya kati ikashika tumbo, ya juu nikaikumbatia kwa mkono wa kulia ili bega lisidondoke mbele. Bega la chini nililivuta mbele kidogo lisigandamizwe moja kwa moja. Kichwani nikaweka mto wa kawaida wenye unene wa kujaza nafasi kati ya sikio na bega, usiozidi hapo, kwa sababu mto mnene unaikunja shingo upande mmoja usiku kucha. Kabla ya kulala mama mkwe alinikanda shingo na mabega kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Haukupita muda mrefu nikawa naamka asubuhi naweza kugeuza kichwa bila kugeuza kiwiliwili chote. Kwa mtu anayeshinda kwenye cherehani, hilo ni jambo kubwa.

Mkono, hapana. Ganzi iliendelea, na hapa nataka nieleweke vizuri ili mtu asinunue mto akitarajia usichoweza. Vidole vyangu vilikuwa kama vinatembewa na sisimizi, hasa alfajiri, na wakati mwingine mkasi uliniponyoka. Kliniki, mkunga aliniuliza ni vidole gani hasa. Nikamwonyesha kidole gumba, cha shahada na cha kati. "Na cha mwisho?" Cha mwisho kilikuwa kizima. Akanipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, naye akanieleza kuwa mwili wa mjamzito unahifadhi maji mengi, na yakijaa kwenye kifundo cha mkono, mshipa wa fahamu unaopita pale kwenye njia nyembamba unabanwa. Mshipa huo hauhudumii kidole cha mwisho. Maumivu yake yanaweza kupanda hadi kwenye kiwiko na bega, ndiyo maana nilidhani yote yanatoka shingoni.

Alinipa splinti ya kuvaa usiku, yenye kibao kinachonyoosha kifundo. Mto ulikuwa unachangia tatizo kwa upande huu, kwa sababu mtu akiukumbatia hukunja kiganja chini yake. Splinti ilizuia hilo. Viwili hivyo pamoja ndivyo vilivyonirudishia usingizi, na ganzi iliyobaki iliisha polepole baada ya kujifungua, kama alivyoniambia kwamba huwa hivyo kwa wengi.

Kuhusu dawa, kwenye duka moja la dawa niliuziwa diklofenaki kwa ajili ya bega, na muuzaji anaona tumbo hili. Nilimwonyesha mkunga kabla ya kumeza, akanizuia. Diklofenaki na ibuprofeni hazifai miezi ya mwisho, zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto na kupunguza maji ya uzazi. Akaniruhusu parasetamoli kwa kipimo chake. Jamani, ulizeni kliniki kwanza.

Pia alinionya kuwa si kila maumivu ya bega ni ya kulala vibaya. Maumivu ya juu ya tumbo upande wa kulia chini ya mbavu, au ya ncha ya bega la kulia, yakija na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au uso na mikono kuvimba ghafla, ni dalili za kifafa cha mimba. Maumivu ya kifua yanayoshuka mkononi pamoja na kukosa pumzi nayo ni ya hatari, hata kama si ya kifafa cha mimba, na pia mkono mmoja kuvimba na kuwa wa moto. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Kasoro za mto zipo. Usufi hujikusanya ukawa mabonge, inabidi kuuanika juani na kuupigapiga kila baada ya muda. Haufuliki, unafua foronya tu. Mwenye pumu au chafya za vumbi asiuchukue. Na usufi hushika moto haraka sana, kwa hiyo koroboi na mshumaa vikae mbali. Naupa nyota nne kati ya tano.

Sasa nauweka mapajani ninaponyonyesha, unainua mtoto bila mimi kuinamisha shingo. Akilala nautoa kitandani, mto laini karibu na uso wa kichanga ni hatari. Ukiagiza wako, mwambie fundi aweke zipu kwenye foronya na akushonee mbili. Mimi nina moja, na siku ya kuifua nalalia kanga.