Uzoefu wangu: pikapu ya rimoti iliyoshindwa na skrubu moja

Duka silitaji. Liko mjini kati Arusha, si mbali na Mnara wa Saa, na wenzangu mnaocheza magari ya rimoti mtalijua tu, maana tunahangaika mlemle.

Nilipeleka pikapu yangu iimarishwe. Vumbi letu hili la chini ya Mlima Meru ni jivu la volkano, laini, linapenya popote. Bushi za plastiki zilikuwa zimelika mpaka magurudumu yanacheza. Nikaomba beringi zenye kizuizi cha mpira pembeni, gia za chuma ndani ya difu, na mota isiyo na kaboni, yaani isiyo na zile brashi za kulika ndani. Nikalipa yote mapema kwa sababu "vifaa vinaagizwa, mzee". Sawa.

Nilipolichukua nikaenda nalo kiwanjani Njiro, nikafunga betri ya lipo (ya lithiamu) ya seli tatu, volti 11.1 badala ya zile 7.4 nilizozoea. Jamani! Gari liliinua pua, likatimua vumbi, watoto waliokuwa wanacheza mpira wakauacha. Kwa dakika chache nilimpenda yule fundi kama ndugu yangu wa damu.

Kisha, kraaaa. Mota inalia, gari limesimama.

Nikafungua pale pale. Ile gia ndogo ya mota imeteleza kwenye shafti na kula meno ya gia kubwa. Na kwa nini imeteleza? Skrubu. Skrubu ndogo kama punje ya mtama, inayoibana ile gia kwenye shafti. Shafti ina upande mmoja uliochongwa bapa makusudi, ili skrubu ikae hapo. Yeye kaibana upande wa mviringo, alama yake inaonekana. Wala hakutia gundi ya nyuzi za skrubu, ile ya bluu, ambayo kila anayefunga chuma kwa chuma kwenye kitu kinachotetemeka anajua ni lazima. Tone moja! Mota isiyo na kaboni ina nguvu ya ghafla. Skrubu kavu haiwezi kudumu hapo. Gia kubwa kuwa ya plastiki sina neno, wengi wanaiacha hivyo ili ikivunjika ivunjike yenyewe na difu ibaki nzima. Lakini skrubu?

Nikarudi dukani. Yule fundi, kijana, hata hakuinua macho kwenye simu.

"Mzee, hii si umeikimbiza sana."

"Gari la mbio ulitaka nilipeleke wapi, kanisani?"

"Haka kamdoli tu, mzee. Mwambie mjukuu apunguze moto." Na mwenzake pembeni anacheka.

Kwanza, mjukuu sina. Pili, ananiita mzee mara tatu na shikamoo hajanipa. Achague moja! Nikamwonyesha alama ya skrubu, akasema hiyo ni "kawaida ya kiwanda". Mota kaifunga yeye, kiwanda kinatoka wapi? Halafu akanitajia bei ya gia mpya, na ya ufundi juu yake. Gia nikalipia kwa kuwa sikuwa na pengine pa kuipata. Ufundi wake nikamwachia.

Gundi nimeipata kwenye duka la spea za pikipiki Ngarenaro, kichupa kimoja kitanitosha mpaka nizeeke kweli. Nikakaza skrubu kwenye ule ubapa, nikaweka kipande cha karatasi kati ya gia mbili nikazisogeza zikutane, nikakitoa. Hapo ndipo nafasi yake. Kazi ndogo sana. Haijateleza tena.

Sasa haki ni haki: beringi alizofunga ni safi, magurudumu ukiyasukuma kwa kidole yanazunguka muda mrefu. Nyaya kazichomelea vizuri, risasi inang'aa, mimi siwezi vile. Mikono anayo. Nilitaka nimpe nyota tatu.

Halafu jana betri ikaanza kuvimba. Nikakagua kidhibiti cha mota: hakukiweka kwenye mpangilio wa lipo, kwa hiyo hakikati umeme chaji ikiisha. Lipo haitakiwi kushuka chini ya volti 3 kwa kila seli, na yangu imeshushwa mpaka imeharibika. Betri iliyovimba hairudi, na kuichaji ni kutafuta moto ndani ya nyumba. Nyota moja. Na hiyo ni ya beringi.

Msiende. Au nendeni, ila msimame juu ya kichwa chake akifunga, na gundi mwende nayo mfukoni.

Tatizo ni kwamba sevo ya usukani, kile kimota kinachogeuza magurudumu, nayo imeanza kukwama, na ya gia za chuma hapa mjini nimeiona kwake tu. Nimemwomba shemeji yangu ampigie aulize bei.