Daybreakers: filamu ya vampaya iliyoishia pale ilipokolea

Nimeshaiangalia Daybreakers mara nne. Mara ya kwanza niliwekewa kwenye flashi kibandani Majengo, nikaiangalia usiku na mdogo wangu chumbani kwetu Nkuhungu, Dodoma. Mara ya nne ni wiki iliyopita, na swali langu halijabadilika: sehemu ya pili iko wapi?

Ilitoka Marekani Januari 2010. Walioiandika na kuiongoza ni mapacha, Michael na Peter Spierig wa Australia. Ethan Hawke ni mtaalamu wa damu kwenye dunia ambayo karibu kila mtu ni vampaya, yaani mnyonya damu, binadamu wamebaki wachache mno na damu inaelekea kwisha. Vampaya hawa wanavaa suti, wanawahi kazini, wanakunywa kahawa iliyotiwa damu. Damu inapopunguzwa kwenye kahawa, wateja wanachachamaa. Aliyewahi kupanga ndoo bombani Dodoma kiangazi kimekaza haambiwi maana yake.

Akikosa damu muda mrefu, vampaya anaharibika, anakuwa kama popo mkubwa asiyejua hata ndugu. Kuna mahali hao wanafungwa minyororo nyuma ya gari la jeshi na kuburutwa hadi juani, askari wakitazama. Mmoja wao ni binti wa bosi wa kampuni ya damu. Mdogo wangu aligeukia ukutani.

Kwetu huku neno mnyonya damu si la mchezo. Mwaka 2016, Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wawili waliokuja kupima udongo waliuawa pamoja na dereva wao kwa kudhaniwa wanyonya damu. Tangu hapo filamu zinazomfanya mgeni wa kijiji kuwa ndiye shetani zinanichefua. Hii haifanyi hivyo. Mnyonya damu wake ana ofisi, ana walinzi, anapiga hesabu za faida, na Sam Neill anamwigiza kwa utulivu unaotisha kuliko meno.

Kama hujaiona, ishia hapa kwanza.

Dawa inapatikana kwenye shamba la zabibu. Nilipoona Hawke anaingizwa ndani ya tangi la kuchachushia mvinyo, jua linamchoma halafu moto unazimwa kabla hajafa, niliruka kitini. Mimi nimevuna zabibu Hombolo, na yale matangi nayajua! Kisha inakuja siri kubwa zaidi: vampaya akimng'ata mtu aliyepona, naye anapona. Askari wenye njaa wanararuana wao kwa wao, mzunguko baada ya mzunguko, hadi wachache tu wanabaki hai. Damu kweli imezidi hapo, na robo ya mwisho inakimbizwa mno. Halafu mashujaa wanaingia garini na kuondoka kunakucha, basi.

Yaani sasa dawa imo mwilini mwa watu wachache tu, na mamilioni wenye njaa wako mjini. Nani atawalinda hao waliopona? Je, watakubali kung'atwa ili wengine wapone? Na kampuni, ambayo mwishoni imepata damu ya bandia, itakubali wateja wake wapone? Hiyo ndiyo filamu ninayoitaka. Ya kwanza iligharimu takribani dola milioni 20 na kuingiza zaidi ya milioni 50, kwa hiyo hasara haikuwa kisingizio. Hawke na Willem Dafoe, mwenzake humo kwenye filamu, bado wanaigiza. Wairudishe palepale barabarani, asubuhi ileile.