Diski ya hedhi kwa ajili ya tendo la ndoa: ipi ununue, ipi uiache

Diski ya hedhi ni bakuli laini linalovaliwa ndani ya uke kukusanya damu. Ya kwanza niliyonunua niliichagua kwa kigezo kimoja tu, ujazo. Nilitaka inayobeba damu nyingi kuliko zote. Ilipofika nikaiweka kiganjani, ikafunika kiganja chote. Usiku ule mume wangu alisimama katikati ya mambo akauliza, "Kuna kitu kigumu hapa, au?" Ukingo ulikuwa umeteleza kutoka mahali pake, na mimi kibofu kilikuwa kimebanwa tangu jioni. Shuka ilibaki safi, ni kweli, lakini hakuna aliyefurahi.

Tangu hapo nimejaribu za aina nyingi, na wanawake wengi wamenieleza yao. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kwa kazi hii ujazo ndio kitu cha mwisho kuangalia. Angalia kwanza kipenyo, kisha ulaini wa ukingo, kisha kama ina mkia (kishikio au uzi wa kuitolea) au haina.

Hesabu yenyewe inatosha kukutuliza. Mwanamke wa kawaida hupoteza takriban mililita 30 hadi 40 za damu katika hedhi nzima, na hedhi inayozidi mililita 80 ndiyo madaktari wanayoiita nzito. Mwaka 2023 watafiti wa Oregon, Marekani, walipima bidhaa za hedhi kwa kutumia damu halisi, wakakuta diski ndizo zinazobeba zaidi, wastani wa mililita 61. Pedi, tamponi na vikombe vilicheza kati ya 20 na 50. Kwa saa moja au mbili za faragha, hata diski ndogo kabisa ina nafasi ya ziada.

Kwa nini diski, kwa nini si kikombe

Wengi huzichanganya. Kikombe cha hedhi hukaa chini, ndani ya njia yenyewe ya uke, na hushikilia kwa kufyonza kuta. Kikiwa mle hakuna nafasi ya kitu kingine, na kulazimisha ni kujiumiza. Diski haifyonzi chochote. Ni bakuli pana lenye kina kifupi: ukingo wake wa nyuma unaingia chini ya mlango wa kizazi na kuupita, ukingo wa mbele unajibanza nyuma ya mfupa wa kinena. Damu inadondokea ndani ya utando na njia yote iliyo chini yake inabaki wazi.

Tamponi nayo haifai. Itasukumwa juu, na uzi wake unaweza kupotea ndani.

Kabla ya kununua, jipime

Hatua hii watu wanairuka, halafu wanailaumu diski. Ukiwa kwenye siku zako, kwa sababu mlango wa kizazi hupanda na kushuka kadiri mwezi unavyokwenda, nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole cha kati taratibu. Unatafuta kitu kigumu kidogo, cha mviringo, kinachoteleza, kama ncha ya pua yako. Ukikigusa wakati kidole kimeingia pingili moja tu, mlango wako uko chini. Pingili mbili, uko katikati. Ukilazimika kuingiza kidole kizima, au hukifikii kabisa, uko juu.

Aliye chini anunue diski ndogo, yenye kipenyo kisichozidi milimita 65 hivi. Aliye katikati au juu anaweza kuvaa ya 70 na kuendelea. Jipime siku ya kwanza na tena siku ya tatu. Mimi siku ya pili mlango wangu hushuka karibu pingili nzima, na siku hiyo ndiyo diski yangu kubwa ilipokuwa ikinibana.

Kuzaa au kutozaa si kipimo cha kutegemea, ingawa pakiti nyingi zimeandikwa hivyo. Amini kidole chako.

Nafasi ya kwanza: diski ya silikoni isiyo na mkia

Kama unanunua moja tu na lengo lako kubwa ni faragha, nunua hii. Ni ya kudumu, unaiosha na kuitumia tena kwa miaka, na haina kitu kinachoning'inia. Intimina Ziggy Cup, licha ya kuitwa kikombe, ni diski, na watengenezaji wake waliifanya mahsusi iweze kuvaliwa wakati wa tendo la ndoa: utando wake ni mwembamba mno na ukingo una tabaka mbili za kuzuia kuvuja. Inabeba mililita 76. Toleo lake la pili linapatikana kwa saizi mbili, na hilo ndilo ningemshauri yeyote ambaye mlango wake uko chini. Nixit ya Kanada ni ya aina hiyohiyo, laini, bila kishikio, mililita 70, lakini ni pana, kwa hiyo jipime kwanza.

Ulaini wa ukingo upime kwa vidole kama unaweza. Uminye hadi pande mbili zigusane. Ukikubali bila ubishi na kurudi polepole, mwenzako hatausikia. Ukiruka kama springi utakusumbua kibofu, na yeye atausikia pia. Utando nao uwe mwembamba kiasi cha kuona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Mwenzi akiugusa huhisi uke tu, labda na sehemu moja laini kuliko nyingine kule juu.

Ugumu wake uko kwenye kutoa. Bila kishikio lazima uingize kidole hadi ukingoni na kuunasa. Kwa mara mbili tatu za mwanzo itakuchukua dakika kadhaa, na kama una haraka au una kucha ndefu utakereka. Haiwezi kupotea humo ndani. Mlango wa kizazi umefunga njia ya juu.

Nafasi ya pili: diski ya kutupa

Hizi si ngeni. Instead iliingia sokoni Marekani mwaka 1996, na leo zinazojulikana zaidi ni Flex na Softdisc. Ukingo wake unalainika kwa joto la mwili na utando ni kama mfuko mwepesi sana. Kwa hisia tu, ningesema zinashindana na silikoni bora, na baadhi ya wanaume wamewaambia wake zao kwamba hawakujua kama kuna kitu.

Mbona basi si ya kwanza? Kwa sababu unaitupa kila baada ya saa 12, na kwa sababu nyingi huja kwa saizi moja. Ukiwa na mlango wa kizazi ulio chini sana, saizi hiyo moja inaweza isikufae na huna la kufanya. Lakini kwa anayetaka kujaribu kabla ya kununua ya kudumu, au anayesafiri na hana mahali pa kuchemshia, ndiyo ya kuanzia. Pakiti ndogo itakufundisha mengi kuhusu mwili wako.

Nafasi ya tatu: silikoni yenye kishikio cha kitanzi

Hello Disc ya New Zealand ni mfano mzuri: ina kishikio laini cha kuvutia, umbo la kitanzi. Kutoa ni rahisi mno. Katika tendo lenyewe kitanzi kinaweza kuguswa na mwenzi, hasa kikielekea chini, ingawa wengi hukikunja kikalala chini ya ukingo wa mbele. Kama mlango wako uko juu, au vidole vyako ni vifupi, au wazo la kuchokonoa linakutia hofu, usijitese. Kwako wewe hii ndiyo nafasi ya kwanza. Mwanamke aliyekaza misuli kwa wasiwasi wa kutoa diski hatafurahia faragha yoyote.

Nafasi ya nne: yenye uzi wa silikoni

Lumma ya Brazili ndiyo maarufu katika aina hii, na sifa yake kubwa ni kuwa na saizi kadhaa. Kwa matumizi ya mchana ni nzuri sana. Kwa tendo la ndoa uzi utaguswa, na ukivutwa bahati mbaya diski inateleza. Ukiwa nayo tayari, ukunje uzi uweke juu ya utando, ndani ya bakuli. Kununua mpya kwa ajili ya kazi hii, hapana.

Nafasi ya tano: sponji laini za kiwandani

Zipo tamponi za sponji zisizo na uzi, kama Beppy na Soft-Tampons za Joydivision, zilizotengenezwa zikiwa zimelenga tendo la ndoa. Ni laini kweli. Lakini zinafyonza badala ya kukusanya, kwa hiyo siku nzito hulowa na kuminywa, na kuzitoa ni kazi kwa sababu hujisukuma juu. Za baharini usinunue kabisa. Vipimo vilivyofanywa Marekani vilikuta mchanga na bakteria ndani yake.

Usiku wenyewe

Nenda chooni kwanza. Diski nyingi, ukikaa na kukamua kidogo, hushuka mbele na kujimwaga zenyewe, kisha hurudi. Ni faida kubwa siku nyingine, lakini usiku huu hakikisha imerudi kweli.

Kuiweka: nawa mikono, lowesha diski kwa maji, iminye katikati hadi iwe ndefu kama namba 8. Sukuma kwa kuelekea nyuma na chini, upande wa kitokono. Wengi hukosea hapa kwa kusukuma juu kuelekea kitovu, na diski inagonga mlango wa kizazi na kubaki mbele yake. Ikishafika mwisho, tumia ncha ya kidole kuupandisha ukingo wa mbele hadi ujifiche nyuma ya mfupa. Utahisi ukingia kama droo inayofungwa. Kisha pitisha kidole: mlango wa kizazi uusikie kupitia utando, umefunikwa. Kohoa mara mbili. Ukingo usiposhuka, uko tayari.

Kama unatumia kilainishi, kiwe cha maji. Vilainishi vya silikoni vinaweza kuharibu diski ya silikoni, na vya mafuta huharibu kondomu za mpira. Anzeni taratibu, kwa mkao usioingia ndani sana, hadi mjue diski inakaaje. Na mwambie mwenzako kuna kitu humo na kiko wapi. Nimeona ndoa ambako mke aliificha, mume akashtuka, na ikawa ugomvi usio na sababu. Taulo jeusi liweke hata hivyo. Damu iliyokuwa tayari njiani kabla hujavaa diski itatoka kidogo, na hiyo si kuvuja.

Kutoa, fanya ukiwa bafuni au umekaa chooni. Nasa ukingo wa mbele, ushushe nyuma ya mfupa, kisha uvute mbele, diski ikiwa imelala sawasawa kama trei yenye supu. Ukiinamisha diski, umemwaga.

Yasiyosemwa kwenye pakiti kwa herufi kubwa

Diski haizuii mimba. Inafanana na kiwambo cha uzazi wa mpango lakini haizibi kitu, na mbegu za kiume huweza kuishi mwilini hadi siku 5, kwa hiyo mwenye mzunguko mfupi anaweza kushika mimba kwa tendo la siku za hedhi. Haizuii magonjwa ya zinaa wala VVU, na damu ya hedhi hubeba virusi kama damu nyingine. Kondomu inavaliwa pamoja na diski bila shida.

Mwenye kitanzi cha uzazi azungumze na mhudumu wake wa afya kwanza, kwa sababu kidole kinachotafuta ukingo kinaweza kunasa nyuzi za kitanzi na kukivuta. Aliyejifungua karibuni asubiri hadi aruhusiwe, kwa kawaida wiki 6 au zaidi. Aliyeshuka kizazi aulize kabla ya kununua.

Usizidishe saa 12. Ukipata homa ya ghafla, kutapika, upele au kizunguzungu ukiwa umeivaa, itoe na uende hospitali mara moja, ukiwaambia kwamba ulikuwa umevaa diski. Sumu ya bakteria inayoleta hali hiyo ni nadra, lakini inakwenda haraka.

Diski ya kudumu chemsha kwa dakika 5 kabla ya matumizi ya kwanza na baada ya kila hedhi, isiguse sakafu ya sufuria. Katikati ya siku zako sabuni isiyo na manukato inatosha. Ikibadilika rangi si tatizo. Ikichanika au ikianza kunata, itupe. Na ukiagiza, angalia mambo matatu kwenye maelezo: silikoni ya kiwango cha kitabibu, kipenyo kwa milimita, na maneno yanayosema waziwazi kwamba inaweza kuvaliwa wakati wa tendo la ndoa. Muuzaji asiyetaja kipenyo, mwandikie umuulize. Akikujibu "saizi moja kwa wote", tafuta mwingine. Na kipimo chako kikiangukia katikati ya saizi mbili, chukua ndogo.