Mifuko ya kinga njaa baada ya misimu mitatu: inazuia dumuzi, haizuii ada ya shule

Nina shamba la ekari mbili na nusu Kikwe, Arumeru, ambalo hunipa mahindi na maharage ya kula nyumbani pamoja na ziada ya kuuza. Kwa misimu mitatu mfululizo nimehifadhi mavuno yangu katika mifuko isiyopitisha hewa, ile ambayo wauzaji wa pembejeo mjini Arusha huiita mifuko ya kinga njaa. Majirani wengi wameniuliza kama inastahili bei yake. Jibu langu ni ndiyo kwa maharage, ndiyo kwa mahindi ya kula, na kwa mahindi ya biashara inategemea jambo ambalo halimo kabisa ndani ya mfuko, nalo ni kama mwenye mahindi ana fedha ya kujikimu kuanzia Agosti hadi Februari.

Nianze na bidhaa yenyewe. Aina iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, ambako Larry Murdock na wenzake walianzia kwenye kunde za wakulima wa Kamerun mwishoni mwa miaka ya 1980, ina mifuko miwili ya plastiki yenye unene wa mikroni 80 kila mmoja, na yote miwili hukaa ndani ya kiroba cha kawaida kinachobeba uzito. Hapa kwetu kiwanda cha A to Z kilichopo Kisongo, ambacho wengi tunakifahamu kwa vyandarua, nacho hutengeneza mifuko ya jamii hiyo kwa jina la AgroZ. Mimi nimetumia zaidi ya chapa moja na sitazilinganisha, kwa sababu tofauti niliyoiona ilitokana zaidi na duka nililonunulia na namna nilivyofunga kuliko jina lililoandikwa kwenye kiroba.

Siri ya mfuko ni kwamba hauui kwa dawa. Wadudu walioingia pamoja na punje huitumia oksijeni iliyomo mpaka ikapungua sana, hewa ya ukaa ikaongezeka, nao wakaacha kula na kuzaana. Na kwa kuwa mdudu wa ghalani hupata maji yake kutokana na chakula anachokisaga mwilini, akiacha kula hukauka akafa. Hii ndiyo sababu ufungaji una uzito kuliko kitu kingine chochote. Unajaza mfuko wa ndani ukiutikisa ili punje zishikamane, unaacha shingo ndefu ya kutosha, unaikamua hewa kwa mikono miwili kutoka chini kwenda juu, unaisokota mpaka iwe ngumu kama kamba ya mbuzi, unaikunja mara mbili na kuifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Kisha unarudia yote hayo kwa mfuko wa pili, na mwisho kwa kiroba. Mtu aliyezoea kufunga gunia kwa dakika moja ataona kazi hii ni ya kuchosha, na kijana wangu wa shamba aliiona hivyo hivyo, kwa hiyo mifuko minne ya msimu wa kwanza ilibidi niifungue na kuifunga upya mwenyewe.

Msimu huo wa kwanza niliacha kwa makusudi gunia moja la kawaida, lisilo na dawa, kwenye chaga ileile ya stoo. Lilipofika Februari ulikuwa ukiliegemea tu, unga mweupe unashuka kwenye nyuzi kama pumba kwenye mashine ya kusaga, na ukichota kiganja cha punje, nyingi zilikuwa maganda yenye matundu. Hiyo ndiyo kazi ya dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana kwanza Tabora miaka arobaini na kitu iliyopita, kabla ya kusambaa nchi nzima. Mfuko wa kinga njaa uliokuwa umbali wa hatua moja kutoka kwenye gunia hilo niliufungua siku hiyohiyo: punje zilikuwa na rangi yake, harufu ilikuwa ya mahindi makavu, na chini kabisa nilikuta wadudu wafu wasiozidi kijiko kimoja. Kwenye plastiki ya ndani kulikuwa na vitundu viwili vidogo vya kichwa cha pini ambavyo dumuzi alivitoboa kabla hajafa, lakini plastiki ya pili ilikuwa nzima. Baada ya kuona hivyo niliacha kununua dawa ya unga, ambayo nilikuwa naichanganya mara mbili kwa msimu huku watoto wakipiga chafya.

Kasoro zipo, na ya kwanza ni panya, ambaye hamheshimu mtaalamu yeyote. Panya akipitisha jino mara moja, hewa inaingia na mfuko umebaki kuwa kiroba cha bei ghali. Kasoro ya pili ni ya soko. Msimu wa pili nilinunua mifuko mitano katika duka ambalo sitalitaja, kwa bei pungufu ya mia tano kwa kila mmoja, nikajiona mjanja. Mmoja wao ulikuwa na plastiki laini inayokunjamana kama ya mkate, na nilipoufungua Januari mkono wangu ulikutana na joto na vumbi. Niliurudisha dukani, nikaambiwa kwamba nilihifadhi mahindi mabichi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mifuko mingine iliyojazwa siku ileile, kutoka kwenye turubai lilelile, isingekuwa salama.

Hata hivyo, suala la ubichi halipaswi kupuuzwa, kwa sababu mfuko huu haukaushi kitu. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi katika soko la Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5, na ukifungia ndani yake mahindi yenye unyevu mwingi zaidi utakuwa umeifungia kuvu pamoja nayo. Sumukuvu haiondoki kwa kufunga mfuko vizuri. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyohiyo, kabla ya kuyaruhusu tena baada ya siku chache kwa masharti. Sisi tulio karibu na Namanga, mpakani mwa Kenya, tuliuona uzito wa zuio lile sokoni. Mkulima asiye na kipima unyevu anaweza kutia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa na kusubiri kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yarudi juani. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu, ila ni bora kuliko kung'ata punje kwa jino, jambo ambalo wazee wetu walilifanya kwa ustadi na sisi tunaliigiza.

Sasa nije kwenye fedha, ambako ndiko wauzaji wa mifuko hawapendi kukaa muda mrefu. Mfuko niliununua kwa Sh 5,000, na ukitunzwa unafika misimu mitatu, maana yake ni kama Sh 1,700 kwa msimu kwa gunia la kilo mia. Msimu wa kwanza, Julai, gunia katika soko la Kilombero mjini Arusha lilikuwa Sh 62,000, na Februari niliuza kwa Sh 98,000. Tofauti ya Sh 36,000 kwa gunia ni fedha nzuri, na mtu akiishia hapo atawaona wanaouza Julai kuwa hawana akili. Lakini Julai hiyo mimi nilikuwa na deni la mbolea na ada iliyobaki, jumla karibu laki tano, ambazo ningezipata kwa kuuza magunia manane. Badala ya kuuza nilikopa VICOBA, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kwa riba ya asilimia tano kwa mwezi, na katika miezi sita riba ikawa Sh 150,000. Magunia manane yaliniongezea Sh 288,000. Ukitoa riba na gharama ya mifuko, nilibaki na kitu kama Sh 124,000. Msimu wa pili nilifanya vilevile, ila Julai bei ilianzia Sh 78,000 na Februari ikaishia Sh 90,000. Magunia manane yakaniongezea Sh 96,000 dhidi ya riba ileile ya Sh 150,000. Mahindi yalikuwa safi bila tundu hata moja, na bado nilipata hasara.

Hapo ndipo ninapotofautiana na matangazo yanayosema kwamba mkulima hupoteza kwa sababu ya wadudu. Wengi wetu huuza mapema kwa sababu ya madeni, na mnunuzi anayefika shambani Julai na fedha taslimu analijua hilo, ndiyo maana huja na debe lililobonyezwa na kudai lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, wakati sheria ya vipimo imeikataza. Watafiti Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walichapisha mwaka 2019 matokeo ya majaribio yao magharibi mwa Kenya, ambako wakulima walipewa mkopo wakati wa mavuno ili wasilazimike kuuza. Waliopewa walihifadhi zaidi, wakauza baadaye na kupata faida. Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba pale mikopo ilipotolewa kwa wakulima wengi wa eneo moja, bei za eneo hilo zilianza kusawazika kati ya mavuno na njaa, na faida ya mkopaji mmoja mmoja ikapungua. Kwa maneno mengine, Kikwe yote ikinunua mifuko na kupata mkopo, Februari haitakuwa Februari tena. Kwa mnunuzi wa unga hiyo ni habari njema.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ni ya mwaka 2005, ulikusudiwa kuziba pengo hilohilo kwa kumwezesha mkulima kuweka mazao ghalani na kukopa kwa dhamana yake. Kwa korosho umezoeleka. Kwa mwenye magunia ishirini ya mahindi huku kwetu, ghala lake bado ni stoo yake. Bei nayo ina mkono wa serikali ndani yake. Aliyehifadhi mahindi ya kuuza katikati ya 2017 akitegemea wateja wa kuvuka mpaka alikuta usafirishaji wa mahindi ghafi nje umezuiwa, na hakuna plastiki ya kumkinga na hilo.

Kwa sababu hizi, msimu wa tatu nilibadilisha mpango. Mahindi ya kulipa madeni niliyauza Agosti bila kujilaumu, ya kula niliyaweka kwenye mifuko ya kilo hamsini ili kila ninapofungua nisiingize hewa kwenye akiba yote, na maharage yote yakaingia kwenye mifuko. Hesabu ya maharage ni nyepesi: gunia lake lina thamani zaidi ya mara tatu ya gunia la mahindi, fukusi wake ana haraka kuliko dumuzi, lakini mfuko ni uleule wa bei ileile.

Maduka yanayouza mifuko hii yapo mengi kuzunguka soko la Kilombero, na siku za mnada Ngaramtoni na Tengeru hukosi mtu wa kukuuzia. Mtake muuzaji auchomoe mfuko wa ndani, aujaze hewa, aushike mdomo na kuubonyeza, kisha usikilize kama hewa inavuja. Dada aliyeniuzia mara ya mwisho alifanya hivyo kabla sijamwomba, akachukua Sh 5,500 kwa kila mmoja. Nilichukua sita, minne ya maharage na miwili ya mahindi ya nyumbani.