Wiki 8 za kulisikiliza tumbo: uzoefu wangu

Nimejinyima chakula mara nne ili nipunguze mwili, na mara zote nne kilo zilirudi na nyingine juu yake. Ndiyo maana nilijiunga na kozi hii ya wiki 8 ya kwenye simu, inayofundisha kula kwa kufuata njaa yenyewe bila kuhesabu kalori. Niliingia kwa hofu: nikiachiwa nile ninachotaka, si nitakula mpaka nipasuke?

Kabla ya kula unajipima njaa, 1 ukiwa hoi kwa njaa, 10 ukiwa umevimbiwa. Unaanza kula kwenye 3 au 4, unaacha kwenye 6. Siku ya tatu, saa nne usiku, nilikuwa mbele ya kabati la jikoni, mkono uko ndani ya pakiti ya biskuti. Nikajipima: 6. Tumbo lilikuwa limetulia kabisa, kilichochoka ni kichwa. Machozi yalinitoka. Miaka yote hiyo nilikuwa nauita uchovu njaa.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote ni kuweka kijiko chini sahani ikifika nusu. Taarifa ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo, nami nilizoea kumaliza kula kwa dakika 7. Ukitulia unagundua hata ladha imefifia. Kijiko cha kwanza kina utamu ambao cha kumi na tano hakina. Siku hizi naachia hapo, na sijilazimishi.

Kuna somo linaloeleza jaribio la Minnesota, Marekani, la 1944 na 1945. Wanaume 36 waliojitolea walipunguziwa chakula karibu nusu kwa miezi 6, wakawa hawawazi kingine ila chakula, wengine wakikusanya vitabu vya mapishi. Nilijiona mimi mwenyewe.

Miezi mitano sasa tangu nianze, nimetoka kilo 84 hadi 79. Ni polepole, lakini hazijarudi.

Mawili yameniudhi. Programu hupiga kengele ya kula saa zilezile kila siku, kinyume cha inachofundisha, nimeizima. Kubwa zaidi, haisemi lolote kwa wanaotumia insulini, ambao hawawezi kuchelewesha mlo hivi hivi bila kuongea na daktari wao. Onyo hilo lilipaswa kuwa somo la kwanza. Nimewaandikia, bado nasubiri jibu.