Duka la kuskani hati, karibu na Digo Road, Mombasa

Madaktari wenzangu mnaoomba usajili wa ubingwa Uingereza kwa ushahidi wa kazi mliyokwisha kuifanya, pelekeni karatasi zenu hapa. Baraza la madaktari la kule, GMC, lataka kumbukumbu za upasuaji, ripoti na barua za wakubwa wenu wa kazi, na jina la mgonjwa lisionekane popote.

Kijana wa duka alikamata ukurasa niliokwisha kuupaka wino mweusi, akauinua kwenye taa. "Daktari, jina la huyu mama bado lasomeka." Akatoa kopi, akaipaka wino tena, ndipo akaiskani. Ukurasa baada ya ukurasa, wala hakunihimiza. Nilifurahi mno, maana miaka ya wodini usiku na mchana haifai kukataliwa kwa sababu ya karatasi chafu.

Bei ni za kawaida. Adhuhuri foleni hufika nje juani, kwa hivyo nendeni asubuhi. Muhuri wa wakili mtautafuta kwingine. Nilipomaliza, alizifuta faili zangu zote kwenye kompyuta yake mbele yangu, bila kuombwa.