Busta ya kuku wa nyama na dagaa wa Kibirizi, yaliyonikuta

Habari wakuu, naona wengi wanaulizia hizi busta za unga (vitamini na madini) za kuchanganya kwenye maji ya kuku kama zina kazi kweli au ni kuliwa hela tu, ngoja niseme yangu na kuku 200 hapa Gungu, Kigoma. Jina la busta siweki na duka pia siweki, tuishi kwa amani.

Vifaranga walifika na basi wamechoka hoi, siku 3 za kwanza nikawapa glukosi na hiyo busta, hapo sina lawama kabisa, walichangamka, waliokufa 4 tu. Kasheshe ilianza mwanzo wa wiki ya tatu. Chakula cha mfuko kilinishinda bei nikasema si niko Kigoma bwana, dagaa wako hapo mwaloni Kibirizi, nachanganya mwenyewe, nikatafuta paraza ya mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, halafu dagaa nikachukua wale wa bei chee wanaoanikwa chini siyo wa kwenye vichanja. Muuza duka akanitia moyo: "Kaka we endelea na busta tu, itafidia, wiki ya nne unauza." Nikaamini, si unajua mtu ukitaka kubana matumizi unasikia unachotaka kusikia.

Wiki nzima kuku wanakula kama mchwa ila kifua hakuna, ukimshika ni mifupa. Nikaja kuchekecha dagaa waliobaki, kilo 10 zikatoa mchanga kilo 2 na ushee!! Yaani nilikuwa nalisha ufukwe. Busta ni vitamini na madini, haina protini ya kujenga nyama, sasa itafidia nini hapo?

Juu ya hapo wakaanza kuhara damu. Nikamwita bwana mifugo, akaniuliza chakula cha mfuko umeacha lini, nikamwambia, akacheka. Kumbe vyakula vingi vya mfuko vya kuku wa nyama huwa vimeshawekwa dawa ya kuzuia vijidudu vinavyoleta huko kuhara damu (koksidia), changanyo langu halina kitu, na maranda yalikuwa yamelowa kwa vinyweshea vinavyovuja. Akanipa amproliamu, dawa ya hao vijidudu ya kuweka kwenye maji. Na mimi kwa ujuaji nikaiweka pamoja na busta kwenye maji yale yale nikijua nawaongezea nguvu. Jioni akapita akaona kopo la busta, akasema "mzee unajenga huku unabomoa", maana amproliamu inafanya kazi kwa kuwanyima wale vijidudu vitamini B1, na busta imejaa hiyo hiyo B1. Ikabidi nisimamishe busta mpaka dozi iishe, na maranda nikabadilisha yote. Nilizika 23.

Waliobaki niliuza wiki ya 7 badala ya ya 5. Halafu mteja wangu mmoja wa chipsi pale Mwanga akapiga simu, "mwanangu kuku wako nikimkaanga ananuka dagaa, wateja wananiuliza." Aibu. Dagaa nilikuwa nawapa mpaka asubuhi ya kuchinja, kumbe unatakiwa uache angalau wiki moja kabla.

Raundi ya pili mfuko nimewapa mpaka siku 21, ndo nikaanza kuchanganya, dagaa wa vichanja tena nachekecha, wiki ya mwisho natoa dagaa naweka soya iliyokaangwa. Busta wanapata wakifika na baada ya chanjo tu (siku ya 7 kideri, ya 14 Gumboro, ya 21 kideri tena). Walifika kilo 1 na nusu wiki ya 5. Jirani yangu yeye anasema kitunguu saumu na mlonge vinatosha huhitaji chanjo, sibishani naye ila kideri kikiingia bandani hakiulizi ulikunywa nini.

Mashudu ya mise (kokwa za michikichi) nayo nilijaribu mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi Mei 15 hadi Agosti 15 na dagaa wakawa dhahabu. Ni rahisi kupata huku ila yana nyuzinyuzi nyingi, kidogo sawa, ukizidisha kuku wa nyama anadumaa.

Kwa hiyo busta naipa 5 kwa 10, zote ni za zile siku 3 za mwanzo. Dagaa wa kuanikwa chini naipa 0, labda kama unajenga.